Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: mlango wa dema ufungwe kwa kamba inayooza

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima naomba nikuandikie hadharani, kwa sababu jambo ninalolileta si langu peke yangu, wala haliwezi kumalizwa na wizara yako peke yake. Mimi ni mfumaji wa madema, yaani mitego ya samaki, na mshonaji wa nyavu hapa Tanga. Kazi hii niliirithi kwa baba yangu, na wateja wangu ni wavuvi wa ngalawa na mashua kuanzia Sahare hadi Kigombe. Ombi langu ni kwamba kila dema la waya linaloingia baharini katika nchi hii liwe na mlango uliofungwa kwa uzi wa katani au wa pamba, ambao utaoza wenyewe dema likipotea. Na kwamba hatua hiyo ndogo iwe mwanzo wa kurudisha kamba zinazooza katika zana zetu pale zinapofaa, na pale tu zinapofaa.

Kaskazi iliyopita nilipanda mashua ya jirani yangu kwenda kutafuta nanga yake iliyokatika mwambani. Yalikuwa maji mafu, bahari imetulia na maji yameng'aa, na kijana aliyezamia akaibuka akisema ameshika kitu kizito. Tulichokivuta hakikuwa nanga, lilikuwa dema la waya uliovikwa plastiki ya kijani, limeota mwani pande zote. Ndani mlikuwa na changu wawili wazima, midomo imechubuka hadi mfupa kwa kugonga waya, pamoja na chewa aliyekonda mpaka kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili. Chini yao palikuwa na tabaka la miiba na magamba ya waliotangulia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa manila ya buluu, kamba ya plastiki, imara kama siku ya kwanza, na fundo lilikuwa langu. Kila mfumaji ana namna yake ya kumalizia mlango. Mimi huzungusha mara tatu kisha nairudisha ncha ndani ya jicho la waya, na hapa Tanga sijamwona mwingine anayefanya hivyo. Dema lile nililiuza zaidi ya mwaka mmoja nyuma kwa mvuvi aliyelipoteza wakati wa kusi, na muda wote huo lilikuwa likivua bila mwenyewe. Nimekuwa nikijisifu kwamba kazi yangu hudumu. Siku ile sikujisifu.

Mheshimiwa, kwa msomaji wa barua hii ambaye hajawahi kuvua kwa dema, naomba nieleze kidogo. Dema hutiwa chambo na mawe ya kulizamisha, likalazwa kando ya mwamba au kwenye majani ya bahari, likaachwa siku moja mpaka tatu. Samaki huingia kwa kinywa chembamba kinachoelekea ndani na akishaingia haoni njia ya kutoka. Mvuvi humtoa kwa kufungua mlango ulio ubavuni. Wapo wanaoliwekea boya, ambalo mara nyingi ni dumu tupu au kipande cha kandambili, na wapo wasioliwekea boya kwa kuogopa wezi, wakategemea alama za nchi kavu: mnazi fulani uwe sawa na mnara fulani. Dema hupotea kwa njia nyingi. Rafadha ya boti hukata kamba ya boya, mkondo wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, hulisukuma hadi kina ambacho mzamiaji hakifiki, juya, yaani wavu wa kukokota, hupita likaliburuta, au mwenyewe anaugua wiki mbili na akirudi alama zake hazimpi kitu. Likishapotea, samaki wa kwanza hufa ndani, mzoga wake unakuwa chambo, chambo kinaita wengine, nao wanakufa. Baba yangu alifuma kwa mianzi, na dema lake likipotea lilikuwa linalegea na kufumuka ndani ya miezi michache bila kuambiwa na mtu. Sisi tulipohamia kwenye waya na manila tuliongeza umri wa dema mkononi mwa mvuvi, jambo ambalo lilikuwa jema, lakini kwa hesabu hiyohiyo tuliongeza umri wake likiwa halina mwenyewe, na hilo hatukulifikiria hata kidogo.

Hatuko peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliotokana na mahojiano na wavuvi 451 wa nchi 7, ulikadiria kwamba karibu asilimia 2 ya zana zote za uvuvi duniani hupotea kila mwaka, na kwamba mitego ya aina ya madema inayopotea kwa mwaka inazidi milioni 25. Wenzetu waliliona tatizo hili mapema na dawa waliyoichagua si ya gharama. Kule Alaska, ambako huvuliwa kaa wakubwa kwa mitego ya chuma, sheria inataka kila mtego uwe na mwanya ubavuni wa inchi 18, yaani karibu sentimita 46, ulioshonwa kwa uzi wa pamba tupu usiotiwa dawa. Mtego ukipotea uzi unaoza, mwanya unafunguka, kaa wanatoka. Hakuna mtambo, hakuna mtaalamu wa kuletwa kwa ndege. Ni uzi wa pamba, Mheshimiwa, na pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga.

Kuhusu katani, naomba uniruhusu nikae hapo kidogo, kwa sababu mtu wa Tanga hawezi kuongelea kamba bila kuongelea mkonge. Babu yangu mzaa baba alikuja huku kama manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni pia: uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche 1,000 iliyoagizwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai na kuwa mama wa mashamba yote. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikizalisha karibu tani 230,000 za katani na hakuna nchi iliyotupita. Sehemu kubwa ilikwenda Ulaya na Marekani kufungia majani ya mifugo shambani. Kisha ikaja kamba ya plastiki, nyepesi, isiyooza, ya bei ndogo, na wanunuzi wakahama. Wazee hapa bado wanabishana kama mkonge uliuawa na plastiki au na kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967, na mimi sitaamua ugomvi huo, ila najua kwamba kamba iliyowafukuza wafanyakazi mashambani ndiyo hiyohiyo inayoviringana kwenye mapezi ya kasa huku baharini. Hata jina tuliipa la kuazima. Manila ya kweli ilikuwa kamba ya nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino, ikioza kama kamba yoyote ya Mungu. Leo mtoto wa Tanga ukimtuma manila atakuletea plastiki, na hajui kwamba neno lilikuwa na maana nyingine.

Ukisafiri kwa barabara ya Pangani utaona mkonge mkono mmoja na bahari mkono mwingine, na katikati yake maduka yanayouza kamba iliyotoka ng'ambo kwa meli. Serikali imefanya juhudi kubwa kulifufua zao hili na Bodi ya Mkonge ipo hapahapa mjini. Kinachokosekana ni mnunuzi wa karibu. Nathubutu kusema mnunuzi huyo yuko ufukweni, isipokuwa hajaambiwa.

Hata hivyo sitaki nionekane mtu wa kuililia zamani. Nimefanya kazi na katani na naijua tabia yake. Ikiloa huvimba na fundo hukaza mpaka ufungue kwa kisu. Ikikauka hukwaruza viganja. Ikikaa majini moto kama haya yetu huanza kuoza ndani ya wiki chache, na ndiyo maana wazee waliichemsha pamoja na magome ya mikoko ili ivumilie zaidi. Mvuvi aliyeiacha kwa ajili ya manila hakuwa mjinga. Kamba ya nanga haifai kuwa ya kuoza, kwa sababu kamba ya nanga ikikatika usiku wa kusi tunazungumzia roho za watu. Kamba ya tanga nayo haifai. Nyavu za kutega nazo, kwa leo, hazifai, na hapa naomba wataalamu wako wanisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo ninapohofia kosa kubwa.

Nyavu za nailoni ndizo zenye madhara makubwa zaidi zikipotea. Nailoni ni nzito kuliko maji ya bahari, kwa hiyo jarife, yaani wavu wa kutega, likikatika halielei lionekane, linazama na kujitandaza juu ya mwamba. Hapa kwetu majarife ya kina kirefu ndiyo yaliyoanza kunasa silikanti, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, samaki wa kale ambaye kwa ajili yake ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Mtu anaweza kusema basi tuanze na nyavu. Lakini nyavu zinazooza zimekwisha kujaribiwa na mataifa yenye uwezo kuliko sisi. Korea Kusini ilitengeneza nyavu za plastiki ya aina nyingine ambayo vijidudu vya baharini vinaweza kuila, na serikali yake ikabidi iwachangie wavuvi bei ili wazinunue. Norway nayo ilizijaribu kwa samaki wa bahari yake ya baridi na ikaona kwamba zinanasa wachache kuliko nailoni, hasa zikishatumika mara nyingi, kwa kuwa uzi wake hupoteza nguvu na mnyumbuko. Mvuvi wa Norway akipata samaki pungufu ana akiba benki. Mvuvi wa hapa kwetu Mwarongo akipata samaki pungufu kwa wiki mbili, mtoto wake anarudishwa kutoka shule.

Kwa hiyo nakuomba sana, Mheshimiwa, pasitoke tangazo la ghafla la kupiga marufuku nyavu za nailoni eti kwa sababu kuna mbadala. Nyavu za timba, yaani za uzi mmoja wa plastiki, zimepigwa marufuku kwa kanuni tangu 2009 na bado zinauzwa. Tumeshuhudia marundo ya nyavu yakimwagiwa mafuta na kuchomwa ufukweni, moshi mweusi ukienda zake kijijini, na wiki iliyofuata nyavu zilezile zikarudi kwa bei ya juu zaidi. Kwa nyavu, kinachowezekana leo ni mambo mengine: ziwekwe alama ya mwenyewe, kama Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivyoelekeza katika mwongozo wake wa hiari wa mwaka 2019, anayepoteza aweze kutoa taarifa bila kuogopa faini, na nyavu zilizochakaa zipate mahali pa kurudishwa badala ya kutupwa mikokoni. Kuoza kutakuja kwa nyavu siku teknolojia itakapomfaa mvuvi mdogo. Kwa dema siku hiyo ilikwishafika tangu enzi za babu yangu.

Liko jambo la pili linalonitia hofu, nalo ni neno lenyewe, kuoza. Miaka kadhaa iliyopita mfanyabiashara mmoja aliniuzia mabunda ya uzi wa kijani kwa maelezo kwamba unaoza na ni rafiki wa mazingira. Karatasi yake ilikuwa na picha ya jani. Nikaufungia milango ya madema. Uzi ule haukuoza. Uliachwa juani wiki chache ukaanza kumeguka kama mkate mkavu, na ukiusugua kati ya vidole unabaki na chembe za kijani zinazong'aa, ambazo maji yanazichukua na samaki wanazimeza. Baadaye nikajifunza kwamba ziko plastiki zinazotiwa dawa ili zimeguke upesi, si ili ziliwe na vijidudu, na kwamba Umoja wa Ulaya umezikataza sokoni kwake tangu Julai 2021. Iko pia plastiki inayotokana na wanga wa mahindi ambayo inaoza kweli, lakini katika mitambo ya mboji yenye joto la nyuzi karibu 60. Ukiitia baharini inakaa kama plastiki nyingine. Mahindi hayakuibadilisha tabia.

Ndiyo maana naona Shirika la Viwango Tanzania lina kazi ya kufanya kabla hata mkaguzi hajateremka ufukweni. Kiwango kitamke kwamba zana haitaitwa ya kuoza mpaka imejaribiwa katika maji ya bahari, ya joto letu, na si katika pipa la mboji. Kitaje baada ya muda gani uzi hupoteza nguvu, na baada ya nguvu kupotea kinabaki nini. Kipimo chenyewe si cha kutisha. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ikishirikiana na watafiti wa mkonge walioko Mlingano wanaweza kuning'iniza nyuzi za unene mbalimbali kwenye gati, za katani, za pamba, za makumbi ya nazi, zilizochemshwa na magome na zisizochemshwa, kisha kila bamvua wakatoa chache na kuzipima zinakatika kwa uzito gani. Mimi nimefanya hivyo kienyeji kwa ndoo ya mchanga na mizani ya sokoni. Uzi mwembamba wa pamba uliniangusha mapema mno, kabla mvuvi hajaanza kufaidi dema; katani iliyosokotwa nyuzi tatu ndiyo iliyonipendeza, kwa sababu inavumilia mizunguko kadhaa ya kutega na kutegua na bado haifikii msimu wa pili. Lakini ndoo yangu si maabara, na sipendi kanuni ya taifa iandikwe kwa ushahidi wa ndoo.

Mvuvi atauliza swali moja tu: je, mlango utafunguka nikiwa bado nalitumia dema langu? Ni swali la haki. Jibu ni kwamba uzi unabadilishwa kabla ya muda wake, kama anavyobadilisha pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa za mashua, bila kulalamika, na kazi yenyewe haichukui muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Gharama ya kipande cha katani cha urefu wa mkono haifiki hata bei ya chambo cha siku. Kuhusu usimamizi, sioni haja ya operesheni. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi viko kwenye madiko na wanachama wake wanajua kila dema ni la nani. Wapewe mabunda ya uzi wayauze kwa faida ndogo, na dema lisilo na mlango wa katani lisiingizwe chomboni. Naamini kikundi kinachopata shilingi kumi kwa kila kipande cha uzi kitakagua vizuri kuliko askari anayekuja mara moja kwa mwaka.

Wakulima wa mwani nao watajwe, ijapokuwa si wavuvi na wengi wao ni kina mama ambao mikutano ya uvuvi huwasahau. Shamba la mwani linafungwa kwa taitai, vipande vifupi vya uzi wa plastiki, maelfu kwa shamba moja, na kila bahari inapochafuka mamia yake huondoka na maji. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, muda ambao katani nyembamba iliyotibiwa inaweza kuufikia. Sisemi ifanywe kesho. Nasema kina mama waulizwe na wapewe wajaribu, maana wao ndio wenye vidole vinavyofunga.

Sasa nije kwenye bahari kuu, ambako mimi mfuma madema sina chombo cha kufika, lakini mambo ya huko yananifikia. Miezi michache nyuma kilitupwa ufukweni chelezo cha kukusanyia samaki: fremu ya mianzi iliyofunikwa wavu mweusi, chini yake mkia wa nyavu kuukuu zilizosokotwa, mrefu kuliko jahazi, na juu boya la mviringo lenye vioo vya kuvuna jua na namba zilizofutika nusu. Vijana walichukua betri. Mkia ulibaki umejizungusha kwenye matumbawe na mpaka leo uko pale maji yakitoka. Vyelezo vya namna hiyo huachiwa na meli kubwa za jodari vielee na mkondo, samaki wakusanyike chini yake, kisha meli ikifuate kwa setilaiti. Kikitoka nje ya eneo la meli, mara nyingi hakifuatwi tena.

Ukitaka kujua mzigo huu unaishia wapi, tazama Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli kilichomo katika urithi wa dunia na ambacho hakina wakazi zaidi ya watunzaji wachache. Mwaka 2019 watu waliojitolea waliokota tani 25 za takataka huko, na wataalamu wakakadiria kwamba zilizobaki ni tani 513, ambazo asilimia 83 ya uzito wake ni vifaa vya uvuvi. Hakuna aliyezitupa Aldabra. Zilikwenda zenyewe.

Tanzania ni mwanachama wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, na tume hiyo kwa azimio lake la mwaka 2019 ilitaka vyelezo visiwe vya kunasa wanyama na ikahimiza vitengenezwe kwa vitu vinavyooza kuanzia Januari 2022. Wakati huo ilikuwa kuhimiza, si kuamuru; azimio jipya la mwaka 2024 ndilo linalotaka vigeuzwe vya kuoza, tena hatua kwa hatua. Lakini meli ya kigeni inayotaka kuvua katika maji yetu inapata leseni kutoka Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, na katika masharti ya leseni nchi inaweza kuamuru bila kungoja hatua za tume. Meli za Ulaya zenyewe zilikwishajaribu vyelezo vyenye kamba za pamba katika bahari hii hii kuanzia mwaka 2018, kwa hiyo hakuna nahodha atakayesema haijulikani inafanywaje. Kilichobaki kigumu ni boya na kile kinachokifanya chelezo kielee. Naomba leseni iseme hivi: chelezo kisiwe na wavu hata jicho moja, na mkia wake uwe wa nyuzi za mmea. Na kama mkia ni wa nyuzi za mmea, sioni kwa nini usiwe wa katani ya Tanga. Meli moja inaruhusiwa kufuatilia mamia ya maboya kwa wakati mmoja, na kila mkia unashuka makumi ya mita. Mheshimiwa, wewe na mwenzako wa Kilimo mkikaa meza moja na hesabu hiyo, mtaona soko ambalo Bodi ya Mkonge imekuwa ikilitafuta mbali.

Nafahamu yatakuwepo mapingamizi. Wapo watakaosema plastiki ya baharini inatokana na chupa na mifuko ya mjini, mvuvi anasingiziwa. Kwa sehemu ni kweli, na nchi hii ilichukua hatua ya kijasiri ilipokataza mifuko ya plastiki Juni 2019. Mwanzoni watu walisema haiwezekani, leo mama anakwenda sokoni na kikapu chake cha ukindu na hakuna anayekumbuka ugomvi. Lakini mfuko hauvui. Nyavu na dema vilibuniwa viue samaki, na vinaendelea kufanya hivyo vikiwa vimesahauliwa. Wapo pia watakaosema dema lina sehemu ndogo ya samaki wote wanaovuliwa nchini, kwa nini tuanzie hapo. Naanzia hapo kwa sababu ndipo suluhisho linapatikana leo, kwa bei ya leo, mikononi mwa watu waliopo, na kwa sababu mvuvi akishaona mlango wa katani haumpunguzii samaki hata mmoja, atakuwa na masikio siku mtakapomletea jambo gumu zaidi.

Kwa upande wangu nimekwisha kuanza. Tangu siku ya lile dema sijafunga mlango kwa manila. Madema 12 niliyoyatoa mwezi uliopita yana milango ya katani ya nyuzi tatu, na wateja wawili waliniuliza kama nimeishiwa kamba. Manne kati ya hayo yamewekwa makusudi yasiteguliwe, na kinywa nimekiziba ili samaki wasiingie wakati wa kungoja, karibu na mwamba ambao kwa maji makavu mtu hufika kwa mtumbwi wa kasia ndani ya nusu saa. Kila bamvua kijana wangu anazamia kuangalia nyuzi na kuniandikia kwenye daftari. Ukimtuma afisa wako aje na viatu vya kutembelea mwambani na mizani nzuri kuliko yangu; mtumbwi nitampa, na daftari nitamwachia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfumaji wa madema,
Tanga

Nakala kwa:
Waziri wa Kilimo
Bodi ya Mkonge Tanzania
Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania
Shirika la Viwango Tanzania
Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu
Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, Mkoa wa Tanga